Sahani ya Walukuba

Wanaonipokea nyumbani wananiuliza swali lilelile: huko Uingereza ulikuwa unakula nini, jamani? Wananionea huruma bure. Leicester, nilikoishi miaka yote hiyo nikitunza wazee, ni mji uliopokea Waasia wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya mji ule ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende kule. Wakaenda vilevile, na baadhi yao walitoka hapahapa Jinja. Ndiyo maana ukitembea Belgrave Road unakuta matoke mabichi kwenye maboksi, muhogo wa kukaanga uliokolezwa pilipili na ndimu, sambusa za moto, karanga za kusaga. Mzee mmoja mwenye duka, aliposikia nimekulia Walukuba, mtaa wa Jinja, aliacha Kiingereza palepale akanigeukia na Kiswahili, akataka kujua kama nyumba za Main Street ya Jinja bado zina majina ya wenyewe na miaka iliyochongwa juu ya milango. Nikamwambia bado zipo. Akanijazia karanga zaidi ya zile nilizolipia.

Kwa hiyo vitu vyote nilikuwa navyo, kimoja kimoja. Nilichokikosa ni sahani ya Walukuba, na sahani hiyo haipikwi na mtu mmoja.

Kwa asiyepajua, Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi, nyumba za safu zilizojengwa enzi za Mwingereza, wakati Jinja ilipokuwa ikijaa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukawa karibu, na watu wakaja kutoka kila upande. Baba alikuja kutoka Busia kufanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil. Jirani wetu wa kulia alikuwa Mgisu. Wa kushoto alikuwa bibi wa Kinubi mwenye ndugu zake Bombo, sote tukimwita Habuba. Nyumba ya mbele walikaa Waacholi. Mama yangu ni Mganda wa Buganda. Kwa mseto huo nani angemlazimisha mwenzake lugha yake? Tukazungumza Kiswahili, na chakula nacho kikatembea uani kama maneno yalivyotembea. Bakuli lilitoka kwetu na matoke, likarudi jioni na kitu kingine. Kurudisha bakuli tupu ilikuwa aibu, na mama alituchapa kwa ajili hiyo zaidi ya alivyotuchapa kwa masomo.

Basi nilipotua Entebbe sikuwa na hamu ya chakula fulani. Nilikuwa na hamu ya watu fulani wakiwa wanakula.

Rafiki zangu wawili wa utotoni walinijia na gari, wakataka kunipeleka kwanza kwenye mgahawa mzuri wa Kampala. Ni heshima ambayo siku hizi kila anayerudi hupewa: unakalishwa mahali penye kiyoyozi, unapewa menyu ndefu, wenyeji wanakutazama usoni kama umefurahi. Niliwaomba twende moja kwa moja, tusimame Namawojjolo. Wakacheka, lakini niliona wamefurahi pia.

Namawojjolo iko kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, baada ya Mukono. Gari halijasimama vizuri na wauzaji wamekwisha kulizunguka, wamevaa makoti ya kazi, mikononi wameshika vijiti vya kuku wa kuchoma, mishikaki ya ng'ombe, maini, gonja zile ndizi za kuchoma, chupa za maji, soda. Kila mmoja anakuita: mama, huyu wa kwangu, mwangalie! Biashara yote inafanyika dirishani, kwa kasi, na bado wanakumbuka kukupa chumvi na kachumbari kwenye kikaratasi. Kuku wa pale anachomwa polepole juu ya makaa, ngozi inakauka, nyama ya ndani inabaki na maji yake. Lakini mimi nasema gonja ndiyo inayoifanya Namawojjolo. Lazima iwe imeiva hasa, ganda limeanza kuwa jeusi, kisha ichomwe mpaka nje ipate ukoko na ndani ibaki tamu na laini. Ukiichanganya na paja la kuku, tamu kwa chumvi, hutatamani mgahawa wowote kwa saa nyingi. Tulikula garini tukipita msitu wa Mabira, madirisha wazi, mafuta yakitiririka mpaka kwenye viwiko, watu watatu wazima tukigombania kipande cha mwisho cha gonja.

Mto Nile tuliuvuka kwa daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, urefu wake mita 525. Nilipoondoka tulikuwa bado tunapita juu ya bwawa. Ni zuri sana, na nililitazama nikiwa nimeshika kijiti cha kuku.

Wiki za kwanza nilitaka kurudi kila mahali nilipokula utotoni. Asubuhi ni kabalagala, zile za ndizi ndogo tamu zilizopondwa na kukandwa na unga wa muhogo, zikakaangwa mpaka ziwe kahawia. Uzuri wake ni kwamba hazina sukari ya kuongeza, utamu wote ni wa ndizi. Nje zinakuwa ngumu kidogo, ndani zinanata. Kuna mama kwenye njia ya kwenda sokoni bado anazikaanga barazani kwake, na watoto wa shule bado wanapanga foleni. Pembeni anazo daddies, vile vitafunio vidogo vigumu vya unga wa kukaanga, kwenye ndoo yenye kifuniko, na sumbusa za njegere na za wali. Nilinunua za kutosha nyumba nzima, nikarudi nikakuta mama ameweka chai ya maziwa yenye tangawizi. Hakuniuliza nimetoka wapi.

Rolex nayo, ile chapati ya kukunjwa na mayai, imesafiri kuliko mimi. Wasoga wanadai ilianzia kwao, watu wa Kampala wanasema ni wanafunzi wa Makerere waliokuwa wakiila pale Wandegeya ndio walioipa jina kubwa. Sitaki kuamua ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba kijana wa rolex akiwa mzuri unamtambua kwa mkono: anapiga mayai kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kabichi, nyanya na kitunguu, anamwaga juu ya bamba la moto lenye mafuta, na kabla hayajakauka anabandika chapati juu yake ili vishikane, anageuza mara moja, anakunja. Akichelewa kubandika, mayai yanatengana na chapati, na hapo unakula vitu viwili badala ya kimoja. Siku hizi kwenye migahawa ya Main Street inaletwa kwenye sahani ya udongo, imekatwa vipande, na uma pembeni. Inapendeza kwa macho. Ila rolex ilitengenezwa kwa mtu anayetembea, na mimi naona ladha yake inapungua ukiikalisha mezani.

Lakini sisemi migahawa haina maana, la hasha. Kahawa, kwa mfano. Tulikua tukijua kahawa ni kitu kinachopakiwa kwenye magunia kwenda ng'ambo. Nyumbani tulikunywa chai. Sasa Jinja unakaa mahali ukaletewa kahawa ya Mlima Elgon iliyokaangwa na kusagwa hapahapa nchini, na vijana wanaizungumzia kwa ujuzi, hii ya Bugisu, ile robusta. Nilijisikia fahari kwelikweli. Kampala nilikula na wenzangu mtaa wa Kabalagala, kwa Wahabeshi, injera moja kubwa, ule mkate wao laini, mikono mingi. Kisenyi nako nilipelekwa kwa Wasomali: wali wenye viungo, nyama ya mbuzi iliyolainika hadi kuachana na mfupa, ndizi mbivu pembeni, na Kiswahili kikizungumzwa meza zote. Mtu aliyeniambia Waganda hawapendi Kiswahili hajawahi kula mchana Kisenyi.

Na ile hoteli ya kawaida, yenye mabenchi na sufuria kubwa nyuma ya pazia? Hiyo ndiyo niliyoikumbuka zaidi. Dada anakuja, anataja michuzi kwa pumzi moja: nyama, maharage, njegere, samaki, binyebwa ule mchuzi wa karanga, kuku. Unachagua mchuzi. Halafu anakuuliza chakula gani, nawe unasema changanya. Inakuja sahani yenye kilima: matoke, wali, posho yaani ugali, viazi vitamu, muhogo, kipande cha boga, na mchuzi kwenye bakuli lake. Nilimaliza yote. Dada akanitazama akasema, "Nyabo, ulikuwa wapi?" Nikamwambia mbali. Akaniongezea mchuzi bila kuniandikia.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe, maana ndiyo niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Mama alisema: waite. Hakusema akina nani. Wale watoto wa uani sasa wametawanyika. Wa Kigisu ni mwalimu Mbale, wa Kiacholi anaishi Gulu, binti wa Habuba amebaki Walukuba. Habuba mwenyewe alifariki nikiwa Leicester, nikamlilia kwenye simu. Niliwapigia wote, na hakuna aliyeuliza nipike nini au nilete nini. Kila mmoja alijua.

Mwalimu alishuka kwenye teksi na furushi la malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa magumu kama kuni. Unayaloweka, unayachemsha na magadi mpaka yanalainika, kisha unayapika taratibu na karanga za kusaga. Yule wa Gulu alileta malakwang, mboga ile yenye uchachu, na kopo la odii, mchanganyiko wa ufuta na karanga uliosagwa mpaka ukawa mzito kama udongo wa mfinyanzi. Mama alikuwa amekwisha funga matoke kwenye majani ya migomba tangu alfajiri, na mimi nilitumwa Masese ziwani kutafuta samaki aina ya ngege. Niliwapata wawili wakubwa, macho bado yanang'aa, na dagaa, maana mtoto wa dada yangu hali samaki mwingine. Nguruwe, ambaye Jinja kila kona wanamchoma vizuri sana, hatukumgusa siku hiyo wala hatukumtaja. Kwa binti wa Habuba sufuria zetu zote ni lazima ziwe halali, imekuwa hivyo tangu enzi za mama yake.

Yeye alipika gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi. Alikanda unga wake mwepesi usiku, ukachachuka, asubuhi akaleta sigiri yake mpaka mlangoni kwetu akaanza kumimina kwenye kikaango, moja baada ya nyingine, nyembamba, laini, zenye vitundu. Mkono ulikuwa wa mama yake, hata ule mzunguko mdogo wa kifundo mwishoni. Mwalimu aliacha kuongea alipouona. Sote tuliacha.

Leicester niliwahi kupika vyakula hivi kwa siku moja. Nilipata karanga, nikapata matoke, malewa nililetewa na mtu aliyetoka likizo. Vilikuwa vitamu kila kimoja mahali pake. Lakini nilivipanga mezani vikanitazama. Hapakuwa na mtu wa kuniambia malewa hayaliwi na matoke, wala wa kumjibu kwamba kwenu ndiyo hayaliwi. Jumapili ile ubishi huo ulianza kabla maji ya kunawa hayajafika kwa wa mwisho. Mwalimu alishikilia kwamba malewa ni kwa ugali wa wimbi. Mama akamwambia, "Mwanangu, umekula malewa na matoke yangu tangu hujaota meno ya mbele." Yule wa Gulu alikuwa kimya, anamega gurusa ya Kinubi, anachovya kwenye karanga za Kigisu, anaongeza kidogo odii yake, anashushia na kipande cha ngege wa Masese. Nikamwonyesha kidole: hiyo! Hiyo ndiyo niliyoitafuta Belgrave Road nzima. Kila mtu akachukua gurusa akafanya vilevile, na mzozo ukaisha wenyewe.

Tulikula hadi jua likaondoka uani. Watoto walikula nasi kwenye sinia moja, na nilimwona mtoto wa dada yangu, yule wa dagaa, anaonja malewa akaguna, kisha akarudia. Majirani wapya, ambao sikuwafahamu, walipelekewa bakuli. Kesho yake asubuhi lilirudi na viazi vikuu. Mama akaniangalia tu.

Sasa tunapanga ya pili. Novemba, mvua zikija vizuri, nsenene, wale panzi wa kuliwa, watashuka, na mama anataka tuwakaange kwa mafuta yao wenyewe, kitunguu kidogo na chumvi. Mwalimu hawali, ameapa, ila atakuja na malewa mengine. Yule wa Gulu ameahidi viazi vitamu vya kulia malakwang, kwa sababu safari hii alivisahau. Ninyi mliokulia uani kwetu na sasa mko Nairobi, Kampala au ng'ambo, mkija njooni na kitu kimoja, kile kilichokuwa kikipikwa kwenu. Sigiri tunazo, na sinia lile kubwa bado lipo kwa binti wa Habuba.