Nimdai Mimi, Nimlishe Mimi?

Bi mkubwa mmoja alishinda kesi yake katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kigoma bila msaada wangu. Kwenye ofisi yangu ya uwakili, Barabara ya Lumumba, alikuja na hukumu mkononi. Mfanyabiashara mmoja alichukua kwake Ujiji madumu ya mawese kwa mkopo, akayauza Tabora, na hata nusu ya hela hakuileta.

"Kushinda nimeshashinda, mwanangu. Nataka changu."

Chuoni tunafundishwa kushinda. Kukazia hukumu, yaani kukamata mali za mdaiwa ili ulichoshinda kilipwe, unajifunza mtaani, ukiwa nyuma ya dalali wa mahakama.

Tulikwenda kwa mdaiwa asubuhi. Mkewe akatutolea viti, akaendelea kufua. Nyumba hatukuigusa: Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, pamoja na nguo, vitanda na vyombo vya kupikia. Na hata isingekingwa, ilikuwa rehani benki. Lori tulilolitegemea kumbe la kukodi. Stoo tukakuta mzani wa dagaa wenye kutu na rundo la madumu matupu, mengine yameshakatwa shingo yakawa ndoo. Dalali akaandika "mzani mmoja", akanigeukia kuuliza kama aandike na ndoo. Tukapakia mzani kwenye bajaji, tukaondoka.

"Basi mfunge," bi mkubwa akasema.

Nikamweleza kwamba mfungwa wa madai anaweza kukaa gerezani hadi miezi 6, na akitoka deni lipo palepale, ila kwa deni hilo hafungwi tena. Posho ya chakula chake anaitoa aliyeomba afungwe.

"Kwa hiyo nimdai mimi, nimlishe mimi?"

Alicheka mpaka karani wangu akachungulia mlangoni. Kisha akakaza uso: basi tumfilisi. Mjini watu walishamwambia kuna sheria ya hivyo. Ipo kweli, Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ya tangu enzi za mkoloni, na mimi kama wakili kijana niliitamani kesi ya aina hiyo kuliko nilivyomwonyesha. Ombi lingepelekwa Mahakama Kuu, na wakati huo Kigoma haikuwa na masijala yake. Ni kupanda treni usiku, kupita Uvinza na Kaliua, kwenda Tabora. Mali zote za mdaiwa zinawekwa chini ya mfilisi, wadai wote wanaitwa. Mwenye rehani anajilipa kutoka kwenye rehani yake. Zinatolewa gharama, kisha madeni ya kipaumbele kama kodi na mishahara, na kinachobaki wengine wanagawana kwa kadiri ya anachodai kila mmoja.

"Wengine kina nani?"

Nikamtajia: benki, mwenye lori, mwenye stoo Tabora, wavuvi wa Kibirizi waliompa dagaa. Akawahesabu kwa vidole.

"Nilipe nauli mpaka Tabora nikagawane mzani?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Wanunuzi wa Tabora walimjua yule bwana, yeye hawakumjua. Akataka mdaiwa apewe mzigo tena, auze, sehemu ya faida iwe yake na sehemu ikatwe kwenye deni. Mimi ningemkatalia, lakini mawese hayakuwa yangu. Nikasisitiza kaka wa mdaiwa awe mdhamini, nikaandika makubaliano ya kuwasilisha mahakamani.

Siku ya saini nikawasomea. Nilipofika kwenye riba ya hukumu, asilimia 7 kwa mwaka, bi mkubwa akaninyooshea kidole.

"Hiyo futa. Riba sili."

Nikaikata kwa kalamu, wote wakatia saini pembeni. Mdaiwa akapata ujasiri, akaomba na mzani wake urudishwe.

"Huo utakaa kwangu," bi mkubwa akamjibu, "mpaka dumu la mwisho."