Akili mnemba katika darasa langu la Kiswahili

Ninafundisha Kiswahili kwa wageni watu wazima jijini Dar es Salaam, na tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika chochote unachoiomba, ilipotolewa kwa umma mnamo Novemba 2022, katika kila kundi hakosekani mtu anayeleta insha ambayo hakuiandika mwenyewe. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba insha hizo huwa karibu hazina kosa la sarufi, na bado hakuna mtu wa Temeke wala wa Sinza anayezungumza hivyo.

Programu hizi hufunzwa kukisia neno linalofuata kutokana na wingi wa maandishi, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili ni machache, na baadhi yake ni tafsiri. Ndiyo maana upatanisho wa ngeli huweza kuwa sahihi na vitenzi vikanyambuliwa ipasavyo, huku sentensi nyingi zikianza na "mimi" au "yeye" bila sababu, ilhali nafsi imekwisha kutajwa ndani ya kitenzi. Mwanafunzi anayetoka Uingereza haoni tatizo lolote hapo, kwa kuwa anachosoma ni Kiingereza chake mwenyewe kilichovishwa kanzu.

Kwa sababu hiyo nimeona faida kubwa zaidi ya chombo hiki iko katika kasoro zake. Niliomba mazungumzo kati ya kijana na mama muuza samaki katika soko la Feri. Kijana akasema "Habari yako, mama", akauliza bei papo hapo, kisha akaomba: "Je, unaweza kunipunguzia bei, tafadhali?" Nikayapeleka darasani jinsi yalivyo na kuwataka wanafunzi wayasahihishe. Wa kwanza kuinua mkono aliuliza shikamoo imekwenda wapi, na baada ya hapo darasa zima likaanza kazi: marahaba ikaongezwa, kukawa na kuulizana habari za nyumbani na za kazi, na ombi lile refu likabaki "Punguza basi, mama", ambalo kwa sauti inayofaa ni la adabu kuliko "tafadhali" tatu. Kitabu cha kiada kisingeweza kunipa somo hilo, kwa kuwa waandishi wake walikwisha kusafisha kila kitu. Wakati mwingine msafiri wa kutoka Mbezi kwenda Kariakoo alipandishwa matatu, kana kwamba yuko Nairobi, na tukapata nafasi ya kuzungumzia daladala, konda, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016.

Katika kutunga mazoezi inaniokolea muda mwingi. Nikitaka sentensi za kifaru na kiboko, majina yenye umbo la KI-VI yanayochukua upatanisho wa viumbe hai, au hadithi moja iandikwe upya kwa viwango vitatu vya ugumu, hupata rasimu kabla chai haijapoa. Rasimu hizo lazima nizisome zote.

Kusahihisha sijaikabidhi. Kwanza, kazi ya mwanafunzi ina jina lake na habari za maisha yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo walimu wachache sana huikumbuka wanapobandika insha za watu kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo. Pili, haina sikio la mtaa: mwanafunzi anayeishi na familia ya Kitanzania aliandika "nishakula", nilipoijaribu sentensi hiyo peke yake ikabadilishwa kuwa "nimeshakula" kana kwamba ya kwanza ni kosa, wakati ndivyo wenyeji wake wanavyosema kila siku mezani.

Kwa kazi ya nyumbani, sasa ninaruhusu mashine itumike waziwazi. Mwanafunzi analeta maandishi aliyopewa, anaonyesha kwa kalamu alichobadilisha na sababu yake, kisha anasimulia habari ileile kwa mdomo bila karatasi. Wanalalamika kwamba mzigo umeongezeka, na ni kweli, hasa kwenye kusimulia. Lakini hapo ndipo ninapotoa alama nyingi zaidi.