Nazi inadondoka mita 20 na haipasuki, nani amejiuliza kwa nini?

Watu wakianza stori za wahandisi kuiga vitu vya asili utasikia utando wa buibui, mara mjusi kafiri anavyonata darini, mara ngozi ya papa, sawa, lakini sisi wa Tanga tunaishi chini ya minazi na hakuna anayeuliza ile nazi ikidondoka kutoka juu kabisa kule inafikaje chini ikiwa nzima. Hebu piga hesabu kidogo. Mnazi mrefu unafika mita 20 na kuzidi, nazi na kumbi lake tuseme kilo moja na nusu, basi inagusa ardhi kwa spidi ya kama kilomita 70 kwa saa, na nishati yake ni karibu jouli 300. Ikisimama ndani ya sentimita moja tu inapokea nguvu sawa na kulaliwa na mzigo wa tani 3. Ukiipa sentimita tano za kusimamia, mzigo unashuka mpaka kilo 600 hivi. Hizo sentimita za ziada ndo kazi ya kumbi, basi.

Na kumbi lenyewe si gumu hata kidogo! Ni nyuzi na ule unga unga laini katikati yake, linabonyea, nyuzi zinasuguana, nishati inaishia humo humo. Yaani mtu akiniambia kitu imara lazima kiwe kigumu mi namwonyesha kumbi.

Huku kwetu utamu zaidi ni kwamba tuna usumba, yaani zile nyuzi za kumbi, na tuna katani pia, nyuzi za mkonge. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ndo ilifika hai. Sasa chukua uzi mmoja wa katani na mmoja wa usumba uvivute kwenye mashine. Kwa nguvu ya kuvuta katani inaushinda usumba mbali sana, mara mbili, mara tatu, wakati mwingine zaidi. Lakini katani ikirefuka asilimia chache tu imekatika, wakati usumba unaweza kurefuka mpaka asilimia 30 ndo ukatike. Tofauti iko ndani ya seli za uzi, kuna vinyuzi vidogo sana vya selulosi vimejizungusha kama springi, kwenye katani vimekaribia kunyooka, vimelala kwa pembe ya digrii 20 hivi, kwenye usumba ni kama digrii 45. Kwa hiyo ukivuta usumba, springi inaanza kujikunjua kwanza, na kujikunjua huko kunakula nishati.

Halafu usumba umejaa lignini, ile inayofanya mti uwe mti, ndo maana maji ya chumvi hayauozeshi upesi. Akina mama wa Unguja wanaitumia hiyo kila siku, wanafukia makumbi pwani kwenye mchanga wenye maji, yanakaa miezi, kile laini kinaoza, uzi unabaki, wanautwanga na kusokota kamba. Na ile mitepe, vyombo vya tanga vya zamani ya huko Lamu na kwa Wabajuni ilishonwa kwa kamba hizo hizo bila msumari hata mmoja, ubao ukigonga mwamba mshono unalegea kidogo unarudi, chombo cha misumari hapo kingepasuka ubao. Wazee hawakuwa na mashine ya kupimia ila uhandisi waliujua, hilo mi sibishani na mtu.

Kifuu nacho, lile ganda la ndani ya kumbi, kina mambo yake. Chenyewe ni kigumu kweli, seli zake zimejaa lignini mpaka zimekuwa mawe, na kitu kigumu hivyo kawaida kikipata ufa mdogo umemaliza, ufa unakimbia mpaka upande wa pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg kule Ujerumani wamekichunguza wakaona ndani ya ukuta wa kifuu kuna mishipa iliyojengeka kama ngazi na inakizunguka kwa pembe, ufa ukikutana nayo unapindishwa, unazunguka, unachoka njiani. Wazo lao ni kupanga nyuzi ndani ya zege kwa pembe za namna hiyo, jengo likitikiswa na tetemeko ufa usipate njia iliyonyooka. Zege lenyewe ni lile wanalofanyia kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, huko huko Ujerumani, linalokuwa zito penye mzigo na lenye vitundu vitundu pasipo na mzigo, saruji inapungua.

Zuri sana, ila mi naliona la maabara bado, maana fundi wetu anamwaga zege kwa ndoo na beleshi, nani atampangia uzi mmoja mmoja kwa digrii? Ningeanzia kwenye kumbi. Kuna mikeka ya usumba inayotandazwa kwenye miteremko iliyochongwa, inashika udongo mvua zikinyesha, nyasi zinaota katikati yake, baada ya miaka michache mkeka unaoza wenyewe na mizizi ishachukua kazi. Makumbi yamejaa Pangani na Muheza tunayachoma tu, na barabara ya Mombo kupanda Lushoto kila masika udongo unateremka.