Jinsi nilivyokomesha damu kwenye fizi

Kila nilipopiga mswaki, mate yalitoka na damu. Nikiuma muhindi wa kuchoma hapa Kadutu, Bukavu, punje zinabaki nyekundu. Nikafanya kosa la wengi: nikaacha kusugua pale panapouma, nikasukutua maji ya chumvi tu. Maumivu yalitulia, lakini fizi zikazidi kuvimba na kinywa kikanuka, hadi mama akaniambia waziwazi.

Muganga wa meno alinipa kioo. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kulikuwa na ugaga wa manjano, mgumu kama jiwe. Akanieleza kwamba utando laini wa bakteria usipoondolewa hugeuka ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki wowote, lazima ukwanguliwe. Akaukwangua. "Umewahi, mtoto wangu," akasema. "Mfupa unaoshika jino ukishaliwa haurudi wenyewe."

Sasa natumia mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, dakika 2 kamili, nikiuinamisha kwenye ukingo wa fizi, taratibu. Usiku napitisha uzi katikati ya meno, kwa sababu mswaki haufiki huko. Naamini hilo ndilo lililonisaidia zaidi. Siku za kwanza damu ilitoka, sikuacha. Baada ya wiki 2 ikakatika.

Kaka yangu anavuta sigara. Fizi zake hazitoki damu, ila jino moja limeanza kulegea. Muganga alinionya: tumbaku huficha damu huku ugonjwa unaendelea. Jumatatu nampeleka mwenyewe.