Ukibadilisha meza ya pool, badilisha na mkono
Ukitoka kwenye meza ya Gold Crown ya kampuni ya Brunswick ukaingia kwenye meza ya Diamond, mpira unaogongesha ukingoni unarudi kwa pembe fupi kuliko ulivyozoea, yaani pigo lile lile linaishia kwenye raba ya ukingo badala ya shimoni, inakera sana! Mi kabla ya gemu napiga mpira mweupe (ule wa kupigia wengine) uende urudi meza nzima nione spidi, ndo natesti kona. Mashimo ya Diamond mengi ni inchi 4.5 na midomo yake ina kina, ukipiga kwa nguvu mpira ukagusa raba hapo karibu utachezacheza mdomoni na kugoma, we punguza tu nguvu. Meza za Valley za futi 7, zile za kutumbukiza sarafu ndo ucheze, ni balaa lingine, mweupe wake wakati mwingine mzito kuliko wenzake, kuuvuta nyuma shughuli.