Kiraka cha tezi

Oktoba 2009 nilikuwa kibarua kwenye ufuo wa hori ya Kilifi, chini ya fundi tuliyemwita Mzee tu. Chombo chenyewe kilikuwa boti ya tanga ya faiba, futi 36. Mwenye boti, Mzungu, alikuwa ameteleza omo, yaani mbele ya chombo, akavunjika mkono, sasa akataka sitaha ya kukamata mguu kabla upepo wa kaskazi haujaingia ateremke nao hadi Unguja.

Siku tatu ni msasa tu, kisha thina, mpaka kitambaa kikawa kinatoka safi. Tepu aliibandika Mzee mwenyewe, na kila pembe akaizungusha kwa kufuata mdomo wa kikombe. Pembe kali, alisema, ndiyo huanza kubanduka.

Lakini tabu yangu ilikuwa mchanga wa kunyunyiza kwenye rangi ili sitaha isiteleze. Niliuchota ufuoni, nikauchekecha kwa kipande cha chandarua, nikauosha, nikauanika juu ya gunia. Mzee akaja, akaweka chembe mbili tatu kwenye ncha ya ulimi, akatema.

“Bado.”

Mara tano aliniambia bado. Na bomba la maji baridi, yasiyo na chumvi, lilikuwa juu kilimani, mtungi wa lita 20 begani, jua la Kilifi mnalijua.

Rangi tuliipaka asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Mzee alipita na rola, mimi nyuma yake na kopo nililolitoboa kwa msumari, nikinyunyiza kama muuza mihogo ya kukaanga anavyonyunyiza chumvi. Unamwaga hadi rangi mbichi isionekane kabisa. Ikishakauka unafagia uliolegea, unapaka mkono wa pili juu yake.

Tulipofika tezi, yaani nyuma ya boti, kopo likaisha. Rangi mbichi, jua linapanda, Mzee yuko omo anabandua tepu kabla haijashikana na rangi. Nikashuka mbio, nikajaza kopo mchanga mkavu wa ufuoni, nikausuuza mara moja kwenye ndoo tuliyokuwa tukinawia mikono, nikaukamua kwa shati na kuupepea kidogo. Nikanyunyiza. Ulipokauka na kupakwa mkono wa pili, hata mimi sikuweza kuona mpaka uko wapi.

Boti ilirudi Aprili, upepo wa kusi unaanza. Mzee alipanda peku, kama kawaida yake. Nadhani aliamini nyayo kuliko macho. Alitembea kutoka omo polepole, hana neno, hadi tezi. Pale akasimama. Rangi ilikuwa imefura malengelenge, mengine makubwa kama kunde, kwenye kiraka kimoja tu cha upana wa mkeka wa kuswalia.

Akachuchumaa, akatoboa moja kwa ncha ya kisu. Likatoka tone la maji. Akalichovya kidole, akaonja.

“Njoo uonje na wewe.”

Nikaonja.

Hakunigombeza. Alinipa mtungi mtupu, akanionyesha kilima.