Tathlitha ni ndugu yake thelathini

Juzi saa tatu usiku mdogo wangu kanipigia simu analia. Yuko form five, anasoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kesho yake ana test ya ushairi na daftari limejaa istilahi kurasa tatu nzima, mwalimu kasoma wao wakaandika basi, hakuna hata ubeti mmoja wa mfano. "Dada haviingii kichwani, tathlitha, tarbia, takhmisa, tasdisa, zote naona sawa tu."

Iliniuma kwa sababu na mimi nilisomeshwa hivohivo.

Nikamwambia funga daftari, nihesabie kwa makumi. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Haya sasa rudi kwenye yale majina. Tathlitha na thelathini mzizi mmoja, ubeti una mishororo mitatu, yaani mistari mitatu. Tarbia na arobaini, minne. Takhmisa na hamsini, mitano. Tasdisa haisikiki haraka ila nayo imetoka kwenye sita ya Kiarabu, ndo hiyohiyo ya sitini. Kimya kidogo, halafu nikasikia "Kumbe!" na kilio kikaishia hapo.

Yaani haya maneno tunayatumia kila siku, tunachokosa ni mtu wa kutuonyesha. Tashibihi ni kushabihiana, ndo maana lazima ukute kama, mithili ya, mfano wa. Takriri ni kukariri, neno linarudiwa makusudi. Sadfa ni kusadifu, mambo yanakutana bila kupangwa. Taharuki ina udugu na haraka, ile hali ya kusoma unataka ufike ukurasa unaofuata. Sitiari ndo naipenda kuliko zote, kwa Kiarabu asili yake ni kuazima, na kweli ukisema "mama ni nguzo" umeenda kwenye nyumba ukaazima nguzo ukampa mama, bila kama wala mithili. Ukishaelewa kuazima huwezi tena kuichanganya na tashibihi hata uamshwe usiku wa manane.

Kitu kingine kilichomvuruga ni notsi alizotoa intaneti. Zingine za Kenya zingine za kwetu, na neno dhamira halisimami sehemu moja. Sisi Tanzania dhamira iko ndani ya maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, ni lile wazo linalozungumzwa kwenye kazi. Wenzetu Kenya hilo wazo wanaliita maudhui, na dhamira kwao ni lengo la mwandishi, alikusudia nini. Hakuna aliyekosea ila kwenye mtihani wa huku ukijibu kwa notsi za kule unapoteza maksi, kwa hiyo angalia kwanza notsi imetoka wapi.

Mizani sasa. Mama yetu alikuwa na duka, na mizani ya sukari ilikaa pale juu ya kaunta, jiwe upande huu sukari upande ule, mama anaongeza kwa kijiko hadi zitulie sawa. Nikamwambia mshororo ni hivohivo, mizani yake ni hesabu ya silabi. Tukahesabu pamoja kwa vidole: ju-a li-me-za-ma sa-sa, nane, nyu-mba-ni ha-wa-ja-ru-di, nane. Upande wa kwanza ukwapi, wa pili utao. Ikipungua silabi unaongeza, afya inakuwa afiya, hiyo ni mazida na ndani yake imo kuzidi. Ikizidi unafupisha, nimeona inabaki meona, hiyo inkisari. Ukibadili silabi ili kina kikae, yaani ile sauti ya mwisho ifanane na ya mishororo mingine, ni tabdila, badili hiyo hapo inaonekana. Na ukipindua mpangilio, mwana wangu ukasema wangu mwana, umeboronga sarufi, na mshairi anaruhusiwa.

Walimu wangu nawaheshimu sana, ila istilahi bila shairi mkononi ni kumtesa mtoto bure. Neno moja na ubeti mmoja, siku hiyo inatosha kabisa, na huo ubeti autunge mwenyewe hata kama ni wa kitoto.

Saa tano na nusu akanitumia voisi. Katunga tarbia yake, mishororo minne, mshororo wa tatu mwanzoni ulikuwa "nenda mwambie mama" akahesabu akapata saba. Nikamsikia anaanza upya polepole, e-ne-nda mwa-mbi-e ma-ma, nane, halafu akasema kwa sauti ya chini maana wenzake bwenini walishalala, "Dada, hii ni mazida."